Mgeni wa Papa Shirandula aanze wapi

Kila mara nikikutana na mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kutazama Papa Shirandula hata kipindi kimoja, namuuliza mara mbili. Wewe umepita langoni mara ngapi ukaandika jina na nambari ya kitambulisho kwenye kile kitabu cha wageni, huku soja amekushikia kalamu iliyofungwa kwa uzi? Na hujui Papa Shirandula? Basi kaa. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Kayole, na rasta ndogondogo huchukua saa nne, saa nyingine tano. Mteja hana haraka, runinga iko ukutani na rimoti ninayo mimi.

Kwa asiyejua kabisa: ni kipindi cha vichekesho kilichokuwa Citizen TV kwa zaidi ya miaka kumi. Papa mwenyewe ni Charles Bukeko. Ni soja wa lango katika kampuni moja hapa mjini, lakini mkewe Wilbroda, anayeigizwa na Jacky Nyaminde, anaamini kwamba mumewe ni mtu mkubwa wa ofisini. Mzee anatoka nyumbani amevaa kiofisi, akifika kazini anavaa sare ya ulinzi, na jioni anairudisha ile sura ya asubuhi kabla hajabisha mlango. Mengine yote yanajengwa juu ya huo uongo mmoja.

Nitasema kwa nini nakipenda hivi, maana wateja huniuliza.

Baba yangu alilinda lango la kiwanda pale Industrial Area tangu nikiwa mdogo. Kijijini alijulikana kuwa karani. Sikumbuki mtu yeyote akituketisha atuambie tuseme hivyo. Tulijua tu, kama unavyojua kwamba wageni wakija huombi nyama ya pili. Sare yake haikuanikwa nje hata siku moja. Mama aliifua usiku, akaianika ndani, nyuma ya pazia lililogawa chumba, na msimu wa mvua Baba alikwenda nayo kazini ikiwa bado na unyevu, imekunjwa ndani ya begi lenye kufuli ndogo. Alitoka ploti amevaa koti na shati la mikono mirefu. Alikuwa mtu nadhifu sana.

Mara ya kwanza kumwona Papa Shirandula ilikuwa kwa jirani, tumejazana sebuleni, watoto sakafuni. Papa akaanza shughuli yake ya kubadilisha nguo na chumba kizima kikacheka. Mimi nikamgeukia Baba. Naye alikuwa anacheka, polepole, mkono umefunika mdomo. Tulipokuwa tunarudi kwetu akamwambia Mama, "Yule akikamatwa atakamatwa kwa viatu. Shati unaweza kulikunja. Buti hazikunjiki." Hakuongeza neno. Mama naye hakumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kazi yake ikitajwa kwa sauti nje ya mlango wetu, na tangu usiku ule kila nikikitazama kipindi hiki macho yangu huteremka miguuni.

Haikuchukua muda watoto wa ploti wakaanza kumwita Papa. Mama alichukia. Baba aliitika.

Sasa, kumwanzisha mgeni. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka, na mwanzoni nilikuwa naiharibu. Nilikuwa namwonyesha mteja vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka kwenye simu, vya wahusika wenzake Papa: Otoyo anabishana, Njoroge anapiga hesabu ya pesa isiyo yake, Awinja amefungua mdomo. Mteja anacheka, anasema "wacha we," anarudi kwenye simu yake, na keshokutwa hakumbuki hata jina. Nimeacha. Kipande kifupi kinakupa mlipuko wa kicheko bila utambi wake, na Bukeko alikuwa mtu wa utambi. Mtazame kabla hajadanganya. Ananyamaza. Ule mwili wote mkubwa unasimama tuli, shingo inarudi nyuma kidogo, macho yanazunguka kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu uongo unatoka umenyooka, kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Ule unyamavu ndio uigizaji wenyewe. Ukikatwa ili kipande kitoshe kwenye simu, unabaki na mtu mnene anayepiga kelele, na hilo ni dhuluma kwake.

Kwa hiyo sheria yangu ni kipindi kizima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nachagua kile chenye pande zote mbili, lango na nyumbani, kwa sababu ukimwona Papa kazini peke yake hujui anachokificha, na ukimwona nyumbani peke yake hujui anamficha nani.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la lugha. Kuna dada mmoja wa Tanga, mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi, na Kiswahili chake ni kile kinachokufanya urekebishe chako kabla hujamjibu. Siku niliyomwekea kipindi alivumilia kama robo saa, kisha akauliza, "Samahani dada yangu, hiki ni Kiswahili cha wapi? Kila mtu anakivunja kwa namna yake." Nikamwambia ndiyo, kila mtu kwa namna yake, hapo umeshakielewa kipindi. Ploti ya Nairobi ina Mluhya chumba namba moja, Mkikuyu namba mbili, Mjaluo namba tatu, Mkamba kule karibu na bomba, na wote wanagombana kuhusu maji kwa Kiswahili ambacho kila mmoja amekishonea kitambaa cha kwao. Wachekeshaji wetu wamekula kutokana na hilo tangu siku za Vitimbi kule KBC. Mzee Ojwang', aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hadi Waluo wenyewe wakamkubali kuwa mzee wao, alikuwa Mkikuyu, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Mtu hawezi kubeba lafudhi ya jirani miaka yote hiyo kama hakumsikiliza jirani huyo kwa mapenzi.

Akafikiri. Nikamwongezea kwamba hata huyo Otoyo anayemsikia akiongea Kijaluo-Kijaluo, jina lake halisi ni Kazungu Matano.

"Matano?" Akageuza kichwa, uzi ukanitoka mkononi. "Matano si jina la kwetu Pwani?"

Tangu hapo akawa anamfuata Otoyo kama anayefuatilia mtoto wa shangazi. Leo akija anaanza kuniuliza tulifikia wapi.

Lakini sitamdanganya mtu. Kuna vipindi vinavyoitegemea lafudhi peke yake, hadithi haipo, na hivyo vinachosha hata mimi. Mizaha fulani kuhusu wanawake na miili yao ingeachwa nisingeihuzunikia. Sauti katika vipindi vya zamani wakati mwingine inazama, na ukiwa na kikaushia nywele kinavuma hapo kando husikii kitu. Na kipindi kikienda miaka mingi watu huondoka. Jalang'o, yaani Felix Odiwuor, alikuwa humo, na mwaka 2022 akachaguliwa mbunge wa Lang'ata. Ukikutana na kipindi kinacholegea, ruka. Sikumbuki kumwambia mtu atazame vyote kwa mfuatano.

Usiruke penye Awinja. Jacky Vike anamwigiza msichana wa kazi wa nyumbani kwa Papa, na kwangu mimi huyo ndiye wa pili baada ya Bukeko. Anaongea haraka, anajibu asipoulizwa, na mara nyingi kinachomtoka ndicho kila mtu chumbani alikuwa anakizunguka. Wateja wangu wengi ni wasichana waliokuja Nairobi kwa kazi hiyohiyo ya nyumbani, wanakuja Jumapili, siku yao ya mapumziko. Hao sihitaji kuwashawishi. Awinja akiingia wanakaa wima.

Aliyenisumbua kuliko wote ni msichana ninayemfundisha kazi. Ana miaka 19. Aliniambia kwa heshima zote, "Madam, hiyo ni ya wazee." Vichekesho vyake viko TikTok, kimoja kinaisha kabla hujameza chai. Sikubishana naye. Jumanne moja mvua ilinyesha, wateja hawakuja, nikamwambia tukae tutazame kimoja tu, simu ziwe kwenye droo. Dakika za kwanza alikuwa anaangalia droo. Kisha Papa akaanza kumweleza Wilbroda habari za ofisini, mambo makubwamakubwa, mikutano, na Wilbroda anamsikiliza kwa fahari ya kweli. Hapo msichana hakucheka. Alisema, "Kaka yangu anafanya kazi benki." Nikamuuliza benki gani, nikidhani anabadilisha mazungumzo. Akaniambia anasimama mlangoni, anapitisha kile chombo cha kukagua watu. Mama yao kijijini huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe yuko benki, na yuko kweli, hakuna aliyedanganya. Tulitazama vingine viwili siku hiyo. Jioni alinyanyua simu akampigia huyo kaka, wakaongea muda mrefu nje kwenye mvua.

Basi ukitaka kujaribu, vipindi vingi viko YouTube. Tafuta vilivyo kamili. Bando likiwa dogo vipakue mahali penye waifai, uvitazame usiku. Tazama na mtu mwingine, ikiwezekana mkubwa kuliko wewe, kwa sababu kuna vicheko humu ambavyo utavielewa kwa kuona ni nani chumbani amecheka na nani amenyamaza. Jipe vitatu. Cha kwanza utahesabu lafudhi, cha pili utaanza kumwonea Wilbroda huruma, na kufikia cha tatu utakuwa unaomba asijue.

Kitu kimoja nakuomba usifanye: usianze na zile video za kumwomboleza. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, wakati wa Korona, akazikwa kwao Busia. Saluni ilikuwa karibu tupu siku zile, kafyu inatufukuza mapema, na Baba alinipigia simu kutoka nyumbani, alikokwenda kupumzika baada ya kustaafu. Hakunisalimu. Alisema, "Umesikia habari za mwenzangu?" Nilijua ni nani kabla hajamtaja. Kwa wiki nzima runinga zote zilikuwa na picha yake na wimbo wa huzuni, na mpaka leo ukiandika jina lake hizo ndizo hujitokeza haraka. Nimeona wageni wakianzia huko. Wanakuwa na huruma na mtu ambaye hawajawahi kucheka naye, kisha wanaona haya kumcheka.

Zipite. Nenda kwenye asubuhi moja ya kawaida, mzee yuko nyumbani, Wilbroda anamtengeneza kola ili akafanye kazi ya wakubwa. Mwache atoke mlangoni, umfuate mpaka langoni. Na akianza kuvua lile shati, teremsha macho uangalie viatu.