Chernobyl Diaries: mji unatisha, mazombi hapana

Jana usiku nimeicheki hii Chernobyl Diaries, muvi ya 2012, dairekta Bradley Parker ila stori ni ya Oren Peli yule wa Paranormal Activity, nilivyoona hilo jina nikajua leo silali. Nimelala fofofo.

Stori ni vijana wako Kyiv kwa kaka wa mmoja wao, walikuwa waende Moscow jamaa akamvishe demu wake Natalie pete, kaka mtu akawashawishi wapitie kwanza Pripyat, mji uliohamwa karibu na kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, na mtembeza watalii anaitwa Uri, komandoo mstaafu. Getini wanajeshi wanawakatalia, Uri anawapitisha njia ya panya. Jioni wanataka kuondoka, gari haliwaki, waya zimetafunwa. Hapo ushajua.

Sasa nusu ya kwanza jamani ni tamu. Hakuna muziki wa kukushtua, ni maghorofa matupu, vioo vimevunjika, miti imeota hadi mlangoni, na lile bembea kubwa la duara limesimama tu. Bembea hilo lipo kweli, lilikuwa lifunguliwe Mei 1, 1986, ila Aprili 26 kinu namba 4 kikalipuka na kesho yake watu karibu 49,000 wakapakiwa kwenye mabasi wakiambiwa ni siku tatu tu. Ukilijua hilo, ile kuwaona wanaingia kwenye fleti ya mtu vyombo bado vipo inakukaa vibaya kuliko zombi yeyote. Af muvi yenyewe wameshutia Serbia na Hungary, huwezi kujua.

Seni kali kuliko zote ni ya dubu. Wako ghorofani, wanasikia kitu kwenye korido, wote kimya, mi nimekaza roho nasubiri jitu, mara dubu huyo anakata mbio katikati yao anaondoka zake. Nilicheka na kuruka kwa wakati mmoja.

Usiku ukiingia basi, muvi imekwisha. Tochi inayumba, giza, mtu anapiga kelele "Natalie! Natalie!" wakati wanajua kabisa kuna vitu vinawawinda, nyie si mnyamaze mjifiche?? Hao wanaowakimbiza huwaoni vizuri hadi mwisho, na stering mwenyewe hujui ni nani.

Af kilichonikera zaidi ni hii ya mionzi kumgeuza mtu awe mla watu. Ajali ile wazimamoto na wafanyakazi wa kinu 28 walikufa kwa mionzi ndani ya miezi michache tu, walikufa kwa mateso, hakuna aliyeota meno. Bora wangetuachia dubu na mbwa mwanzo mwisho.

Naipa 5 kwa 10, na zote ni za mwanzo. Ni dakika 86 tu haichoshi, vaa hedifoni maana utamu wote uko kwenye sauti za korido, ila wakishatoka kwa miguu kwenda kutafuta msaada unaweza kuzima ukalale.