Fielder tatu kabla ya kutoa pesa: uzoefu wangu wa kuchunguza gari la mitumba Nairobi

Mileji ilisoma 88,214. Nilipiga picha ya dashibodi kwa simu, broka amesimama kando akizungusha funguo kidoleni, nikamwambia nitampigia jioni. "Madam, jioni utakuta imeenda," akasema. "Kuna daktari anakuja saa nane na pesa mkononi." Kwa wiki sita nilizozunguka nikitafuta gari, daktari huyo nilimkuta kila yadi, kuanzia Ngong Road hadi Kiambu Road. Siku nyingine alikuwa pasta.

Nilikuwa natafuta Toyota Fielder ya 2013 kwenda mbele, kwa sababu buti lake linameza magunia mawili ya mahindi ya mama mkwe na watoto bado wakapata pa kukaa. Bajeti yangu ilikuwa milioni moja na laki moja. Mimi ni mwalimu na pesa hizo ni za mkopo wa sacco, na sacco haina habari kama gari limekufa. Makato yako palepale kwenye mshahara miaka minne. Kwa hiyo niliamua nitumie elfu chache kujua ninachonunua. Naeleza nilichotumia, nilicholipa na nilichokuta.

Nilianza na rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaandika nambari ya gari, unalipa kwa M-Pesa. Mimi nililipa shilingi 550 na karatasi ikafunguka kabla chai haijapoa. Inakuonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani, nambari ya chasisi, ya injini, ukubwa wa injini, rangi, mwaka wa kuundwa na lini lilisajiliwa hapa nchini. Karatasi hii usiisomee kitandani. Isome ukiwa mbele ya gari, boneti iko wazi, ulinganishe tarakimu mojamoja na zile zilizogongwa kwenye chuma. Beba kitambaa cha kufutia vumbi na uwashe tochi ya simu. Ukiona chuma kimesuguliwa, au tarakimu moja imekaa kama jino la bandia, funga boneti uage.

Ya yule broka ililingana yote. Mwenye gari mmoja, hakuna benki, rangi ni ileile ya fedha. Na hapa ndipo wengi wetu tunatoa pesa. "Nimefanya sachi, iko safi." Safi kwa maana gani? Ile ni rekodi ya umiliki. Haina mileji, haina ajali, haijui kama gari lililala nje ya baa miaka miwili likibeba walevi. Tena inaanza siku gari lilipopewa nambari ya Kenya. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hushuka Mombasa yakiwa na umri wa mtoto wa darasa la pili. Lile lilikuwa la 2013, likaingia 2020. Miaka saba ya maisha yake iko Japani na karatasi ya NTSA haina neno hata moja juu yake.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwenye tovuti inayouza nakala za karatasi za mnada. Magari mengi yanayotoka Japani hupitia mnadani, na kule kila gari hukaguliwa na mtu wa mnada, si wa muuzaji, akaandika alichokiona. Unatoa nambari ya chasisi, wanakutafutia. Nililipa kama shilingi 2,600. Kabla ya hapo nusura nilipie huduma ya Kimarekani, mpaka nikaona inataka herufi na tarakimu 17. Magari ya soko la Japani hayana hizo. Yana nambari fupi, kama NZE161 kisha kistari na tarakimu saba. Ukiwa na Fielder, Vitz au Demio, usipeleke pesa yako huko.

Karatasi ilikuja kama picha, imejazwa kwa mkono harakaharaka kama dawa iliyoandikwa na daktari, na yote Kijapani. Lakini si lazima ukijue. Kuna kisanduku cha daraja. Gari lililotunzwa hupata 4 au 4.5, lenye makovu ya kawaida 3.5. Ukikuta R au RA, lilishagongwa likatengenezwa. Kisha kuna mchoro wa gari limepasuliwa na kutandazwa kama samaki wa kupaka, na herufi zimetawanywa juu yake: A ni mkwaruzo, U ni pale palipobonyea, W ni palipokwisha kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Nilishuka na kidole. Mlango wa kulia, A1. Sawa. Boneti, XX. Madigadi ya kushoto, XX. Nikarudi juu kwenye daraja: RA. Halafu nikatafuta kilomita. 141,000 na ushee, mwaka 2020.

Nikaichukua ile picha ya dashibodi nikaziweka mbili pamoja. 141,000 Japani, 88,214 Ngong Road. Yaani limekuwa likitembea Nairobi kinyumenyume miaka minne.

Nilimtumia broka kwa WhatsApp. Tiki zikageuka buluu, kimya. Baada ya dakika ishirini hivi: "Madam hiyo ni gari ingine." Nambari ya chasisi ilikuwa imeandikwa palepale. Sikujibu. Wiki mbili baadaye nililiona limetangazwa tena na broka mwingine, mileji 79,000. Linazidi kuwa kijana.

Kwa hiyo huduma ya karatasi ya mnada naipa alama nzuri, ila si zote. Gari jingine nililouliza, nje ya hizi Fielder tatu, walinijibu hakuna rekodi, maana si kila gari lilipita mnadani, na walikata ada ya kutafuta bila kunionya mapema. Pia usikubali nakala anayokupa muuzaji mwenyewe, hata ikiwa na mihuri. Kufuta tarakimu kwenye picha ni kazi ya dakika tano. Kwa wenye uwezo wao, wanaonunua Discovery na Mercedes zilizotoka Uingereza, mambo ni rahisi zaidi: ukiwa na nambari ya gari ya kule, historia ya MOT, ule ukaguzi wao wa lazima, unaisoma bure kwenye tovuti ya serikali yao, maili za kila ukaguzi, na hata walichofeli. Mume wa dada yangu alikaa jioni nzima akisoma matairi ya Discovery ya mtu wa Leeds kama anasoma hadithi.

Fielder ya pili ilikuwa ya mama mmoja Buruburu, na nakiri nilishaanza kuiita "letu". NTSA sawa. Mnadani ilipata daraja 4, kilomita 64,000. Sasa ilisoma 97,000, hesabu inayoingia akilini. Nje ilimetameta. Nikamchukua fundi wangu wa Kirinyaga Road, shilingi 3,500 pamoja na nauli, nikidhani tunaenda kukamilisha tu.

Fundi hakugusa boneti. Aliingia kiti cha nyuma, akashika mkanda wa usalama akauvuta. Ukafika pale mtu wa kawaida huishia, akaendelea kuvuta, polepole, mpaka ukakataa. Akaniita. "Mwalimu, hebu ona hapa." Shubiri ya mwisho kabisa, sehemu ambayo haitoki siku zote, ilikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka, kama alama ya chai ndani ya kikombe. Akausugua, akanionyesha kidole. Mchanga laini. Akaenda kwenye buti, akainua zulia, akatoa gurudumu la akiba: boliti zimeota kutu, na kwenye kona kuna tope lililokauka likapasuka.

Mwenye gari akasema watoto walimwaga soda.

"Soda ya mchanga, mama?" fundi akauliza, kwa upole tu.

Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Hakuna kosa hata moja, na mimi, mjinga, nikapata matumaini. Fundi akateremka kwenye skrini hadi mstari ambao sikujua upo: umbali tangu makosa yafutwe. Kilomita 3. "Hii imefutwa leo asubuhi," akasema.

Tunakumbuka wote mafuriko ya Aprili 2024, magari yakielea kama mabuyu. Yalikwenda wapi yale magari? Yule mama alinunua hilo Julai mwaka huohuo, kwenye yadi, kwa bei aliyoiona ni baraka. Sikuweza kumkasirikia. Nilikasirika kwamba sachi yangu, karatasi yangu ya mnada na mileji yangu ya kweli zote zilinipa ruhusa ya kuliendea lile tope. Japani inaandika mpaka mlango wa mnada, NTSA inaandika jina la mwenyewe, na kinachotokea kati ya hapo, kwenye barabara zetu, kinaandikwa ndani ya mkanda. Kama huna fundi unayemwamini, AA Kenya, chama cha wenye magari, nao hukagua na kuthamini magari. Jambo moja tu: fundi asiwe wa muuzaji, na usimwahidi bakshishi gari likinunuliwa.

Fielder ya tatu haikuwa nzuri machoni. Ya 2014, mwenyewe ni mhasibu South B. Daraja 3.5, mchoro umejaa A na U kama daftari la mtoto wa chekechea, mlango mmoja W. Mnadani 92,000, sasa 131,000. Mkanda safi hadi mwisho. Shokapu za nyuma zimekwisha, oili inachuruzika kidogo juu ya injini. Umbali tangu makosa yafutwe: kilomita 4,118. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

Ila rekodi ya NTSA ilitoa majina mawili, lake na la benki. Alikuwa ameniambia logibuku, hati ya umiliki wa gari, iko nyumbani. Nilipomuuliza akakuna kisogo. "Imebaki laki mbili na kitu, mwalimu. Nilifikiri nitailipa na pesa yako." Nadhani hakuwa mwizi, lakini kama ningemtumia milioni nzima halafu akapatwa na shida, benki ingenijia mimi mlangoni. Tukaenda pamoja kwenye tawi lake, nikaweka salio moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Zilizobaki nilizishikilia hadi benki ikaachilia jina lake, yeye akaanzisha uhamisho na mimi nikaukubali kwenye eCitizen yangu. Nilifanya pia sachi kwenye sajili ya dhamana zinazohamishika, ile iliyotokana na sheria ya 2017, nijue kama amekopa pengine kwa gari hilohilo. Hakuna. Yote yalichukua siku kumi na moja, akakubali kupunguza bei kwa ajili ya shokapu, nikamaliza kwa milioni moja na elfu sitini.

Kwa Fielder tatu nilitumia zaidi ya elfu kumi na sita kwenye uchunguzi, nikihesabu na lile gari lisilo na rekodi. Shokapu nilibadilisha Jumamosi iliyofuata. Mama mkwe ameshapakia magunia yake mawili na kuku mmoja ambaye hatukukubaliana. Leo mileji inasoma 134,020.