Rivyu ya chingamu ya pinki, ile ya kupuliza puto (kwa watu wazima wanaoona aibu)

Leo narivyu kitu ambacho watu wazima wengi wanakitumia kwa kujificha, chingamu ya puto, ile ya pinki yenye sukari, inayouzwa mojamoja imeviringishwa kwenye kikaratasi chake. Sichagui kampuni moja maana zinafanana mno, nitailinganisha tu na ile ya minti isiyo na sukari, ile ya vidonge vyeupe unavibonyeza kutoka kwenye pakiti bapa utadhani umeandikiwa na daktari, kwa sababu huyo ndo mpinzani wake wa kweli na mtu akichagua kati ya hizo mbili mara nyingi hachagui ladha, anachagua anataka aonekane nani.

Ladha kwanza. Ukiitupia mdomoni ni sukari tupu, meno yanasisimka, ina harufu ya tunda ambalo hakuna mti wowote duniani unalizaa, we utaita stroberi mwingine ataita ndizi na wote mko sawa. Afu ghafla utamu unakata. Hapa ndo watu wanapoishusha nyota, oh haidumu, oh tumeibiwa. Jamani. Kilichoisha ni sukari, imeyeyuka kwenye mate umeimeza, ile harufu yenyewe kwa sehemu kubwa bado ipo imeng'ang'ania kwenye gundi ila ulimi bila utamu hauisikii vizuri. Na kwa chingamu ya puto huo ndo wakati kazi inaanza, maana sukari haivutiki, ukipuliza mapema unapata kiputo kizito kinatoboka upande mmoja kabla hata hakijafika puani. Yule Mmarekani mwenye rekodi ya Guinness ya puto kubwa kuliko yote lililopulizwa bila kushika kwa mikono, Chad Fell, alipuliza la sentimita 50.8 huko Alabama tarehe 24 Aprili 2004 kwa vipande vitatu vya Dubble Bubble, na siri aliyoitoa ni hiyohiyo, tafuna mpaka sukari iishe. Kwa hiyo we unayetema utamu ukikata umenunua pipi, chingamu yenyewe umeitupa haijatumika.

Kupuliza kwenyewe kwa wasiojua: ibapaze kwa ulimi nyuma ya meno ya mbele, sukuma ncha ya ulimi katikati mpaka utando uwe mwembamba upite meno, rudisha ulimi ndani, ziba pembeni kwa midomo, afu toa pumzi polepole kutoka kifuani, usifure mashavu kama unapuliza moto. Ukiwa umetoka kunywa maji ya baridi sana subiri kidogo, gundi ikipoa inakuwa ngumu haivutiki. Kwenye upande huu ile ya pinki naipa alama zote. Utando unatoka laini, unaona mwanga unapita, na likipasuka linatoa ule mlio, paa, mlio ambao nina hakika nusu ya ugomvi wote juu ya hii bidhaa unatokana nao.

Sasa jaribu hivyohivyo na ile ya minti ya vidonge. Haiendi. Unapata kitundu, unapata pssst, basi. Na wala mapafu yako hayana tatizo, wameitengeneza hivyo. Gundi ya chingamu siku hizi ni polima za kiwandani, jamii ya plastiki na mpira (zamani ilikuwa chicle, utomvu wa mti wa sapodila huko Meksiko na Amerika ya Kati, baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikahamia kwenye za kutengeneza), na kwa chingamu ya puto wanaongeza zile zenye minyororo mirefu zinazovutika bila kukatika, wakati ya kutafuna tu wanaifanya laini na fupi. Mi nikikaa nikiwaza naona hapo kuna jambo kubwa kuliko ladha. Ile ya minti imeshafundishwa adabu kiwandani! Hata ukitaka kufanya vituko nayo haikubali. Unanunua chingamu ambayo imekuhakikishia kabisa kwamba hutoaibika mbele ya bosi, na ndo maana haiuzwi kama burudani, inauzwa kama usafi, pumzi safi, meno meupe, kujiamini, picha ya mtu kavaa shati limenyooka. Ile ya pinki yenyewe inakuja na kikatuni. Bazooka ya kampuni ya Topps ilianza 1947 na mwaka 1953 wakaanza kukunja kikatuni cha Bazooka Joe ndani ya karatasi, yaani toka zamani wameshasema hii ni ya watoto na ya mtu mwenye sarafu moja mfukoni.

Na kuuzwa mojamoja nako si jambo dogo. Pakiti nzima ni ya mtu ambaye hela ya wiki nzima anayo leo. Kimoja kimoja ni ya mtu ambaye anahesabu. Kwa hiyo kabla hata hujafungua mdomo, karatasi tu uliyoshika imeshakutaja.

Kinachonichekesha ni kwamba hii kitu ya "wahuni" imeletwa na mhasibu. Mhasibu kabisa, mtu wa leja! Kampuni ya Fleer ya Philadelphia, Frank Fleer alikuwa ameshajaribu mwaka 1906 akatengeneza kitu akakiita Blibber-Blubber, kikawa kinanata vibaya mno hakikuuzwa hata siku moja. Miaka ikapita, hapohapo kampuni ileile kuna Walter Diemer anashughulika na hesabu, ila muda wa ziada anachezea mchanganyiko wa gundi, na 1928 akaupata. Pinki imetokana na kwamba ndo rangi pekee iliyokuwepo karibu siku hiyo, basi, hakuna utafiti wa soko wala nini, na mpaka leo dunia nzima inaiga. Wakaipeleka dukani siku moja baada ya Krismasi mwaka huohuo kwa senti moja kipande, na Diemer mwenyewe ndo akawafundisha mawakala wa mauzo kupuliza puto ili wakawaonyeshe wenye maduka. Hebu waza hiyo semina, wanaume wa mwaka 1928 na tai zao wamekaa wanapuliza. Hakuchukua hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, hakulipwa asilimia yoyote kwa kila kipande kilichouzwa, alibaki muajiriwa akapanda vyeo mpaka ukubwa wa kampuni, na inasimuliwa kwamba uzeeni alikuwa anazunguka na baiskeli ya magurudumu matatu anawagawia watoto chingamu. Amefariki 1998. Kwa hiyo ukiona mhasibu wa kazini kwenu anakunja uso mtu akipasua puto, mkumbushe.

Tukija kwenye hilo la kukunja uso sasa, maana rivyu nyingi zinaliruka na mi naona ndo sehemu ya matumizi. Bidhaa hii matokeo yake yanabadilika kutegemea nani kaitumia. Mchezaji wa besiboli wa Marekani, mtu wa mamilioni ya dola, anapuliza puto katikati ya mechi kamera imemkaba usoni na mtangazaji anacheka, mpaka wakatengenezewa chingamu yao iliyokatwakatwa nyuzi kama tumbaku, Big League Chew, toka 1980, ilibuniwa kule benchi la warushaji mipira ili watu waache kutafuna tumbaku yenyewe. Hapo puto ni utulivu, ni mtu asiye na presha. Mpe puto hilohilo binti wa mapokezi, au kijana aliyekuja kuomba kazi, uone linavyogeuka. Kijana ni mhuni, binti ndo usiseme, ataambiwa hajalelewa na mengine ya kumvunjia heshima yataongezwa juu. Gundi ileile, pumzi ileile.

Na hili la wanawake ni la zamani kuliko chingamu ya sukari yenyewe. Mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún aliyeandika habari za Waazteki, wenyeji wa Meksiko, karne ya 16 anaeleza kwamba wasichana wasioolewa waliruhusiwa kutafuna chicle hadharani, walioolewa na wajane watafunie ndani, na wanawake waliouza miili walijulikana kwa kutafuna njiani na sokoni huku wanaalisha midomo kwa makusudi. Mlio, mnaona? Karne zote hizo watu wanahukumiana kwa mlio wa mdomo, na mwanamke ndo anabebeshwa.

Mtu atasema ah wakubwa nao wanasemwa. Kweli, Obama mwaka 2014 alionekana anatafuna kwenye mkutano wa APEC, ule wa uchumi wa nchi za Asia na Pasifiki, huko Beijing na mitandao ya China ikamchana, wakamwita mvivu asiye na heshima, na hiyo ilikuwa kutafuna tu. Lakini angalia alipoteza nini. Alirudi ikulu yake kama kawaida. Alex Ferguson, yule kocha wa zamani wa Manchester United, alitafuna ukingoni mwa uwanja miaka na miaka, taya haikupumzika, na heshima ya kuitwa Sir akapewa 1999, kutafuna kwake kukawa kama nembo ya klabu. Mtu akishakuwa juu taya yake inaitwa tabia ya pekee, akiwa chini inaitwa malezi mabovu, hivyo tu. Ila angalia pia kwamba hao wawili wote wanatafuna, hawapulizi. Puto bado lina mstari wake, mwanasiasa anaweza kula chakula cha mtaani mbele ya kamera ili aonekane mwenzetu lakini puto la pinki hathubutu. Nadhani ni kwa sababu puto linakuziba uso kidogo, ukiwa nalo huwezi kuongea wala kutoa amri, na kwa sekunde mbili tatu unafanana na mtoto wa miaka saba. Mtu mwenye cheo hicho ndo kitu cha mwisho anachotaka.

Haya, kasoro. Sukari, hiyo haina utetezi, meno yanaoza, na kwa daktari wa meno ile ya minti isiyo na sukari inashinda wazi kwa sababu inaongeza mate bila kulisha vijidudu. Kunata pia ni kweli, likipasukia usoni linang'ang'ania, kwenye nywele paka mafuta ya kula ukisugua polepole, kwenye nguo weka barafu igande ukwangue. Usiile pamoja na chokoleti, mafuta ya chokoleti yanailainisha gundi mpaka inasambaratika mdomoni, uchafu mtupu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni baada ya kumaliza. Polima hizi haziozi, ukiitupa chini inabaki pale, inakanyagwa inakuwa doa jeusi. Na hapa ndo wale wa minti wanapojiona wasafi na mi nakataa katakata. Inama siku moja uchungulie chini ya meza ya mikutano, ile kubwa ya mbao inayong'aa ambayo wanakaa wakubwa tu. Vile vidonge vilivyokauka huko chini sio vya pinki. Ni vya minti, vimebandikwa na vidole vya mtu mstaarabu ambaye hawezi kupuliza puto hadharani kwa sababu ana adabu zake, na jioni anakuja mama wa usafi na kikwangulio anapiga magoti. Sasa nani kamkosea nani hapo? Yule aliyepasua puto korido akamsumbua mtu sekunde moja, au huyu? Singapore walivyopiga marufuku chingamu 1992 moja ya sababu ni watu walikuwa wanabandika kwenye vihisio vya milango ya treni, treni zinakwama. Kubandika ndo kulikowaudhi, puto hakuna aliyelishtaki. Baadaye 2004 wakalegeza kwa zile za matibabu na za meno, unazipata kwa mfamasia au daktari wa meno, tazama tena ni ipi iliyosamehewa, ni ile inayofanana na dawa.

Kwa jumla naipa nyota nne. Moja naikata kwa sukari na kunata, ya jamii siikati kwa sababu sio kosa lake. Kama unataka pumzi safi kabla ya kikao chukua ya minti na ikiisha ifunge kwenye karatasi uitupe kwenye pipa tafadhali. Kama unataka kitu cha kufanya mdomo ukiwa kwenye foleni ndefu au unasubiri mtu asiyejibu simu, chukua ya pinki, vipande viwili vinatosha, kimoja ni kidogo kwa mdomo wa mtu mzima. Wenye ndevu tafuteni zile zinazonata kidogo, Hubba Bubba walikuja na hiyo sifa toka 1979 na wengi wameiga, na hata hivyo punguzeni ukubwa wa puto, chini ya kidevu mafuta ya kula yanachukua muda.