Vifaa vya Mifarishi Midogo: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Habari zenu wapenzi wa sindano na uzi, karibuni tena. Leo mezani nina ile seti ya vifaa ambayo wengi mmekuwa mkiniulizia: kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia, rula ya plastiki na mguu wa cherehani wa robo inchi, yaani kile kibanio cha chini ya sindano kinachokuongoza ushone robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa. Msihangaike kutafuta jina lake. Inauzwa kwa majina mengi na boksi ni lilelile. Nimeijaribu kwa kazi moja tu, mifarishi midogo ya viraka, yale matandiko ya tabaka yanayoungwa kwa vipande vipande vya kitambaa, kwa sababu kazi hiyo haina huruma na kifaa kibovu.

Ngoja kwanza niwaoneshe. Huu hapa. Inchi 10 kwa 10, na ndani mna vipande 144. Mtindo wake ni ule wa kibanda cha magogo, Wamarekani wanaushona tangu karne ya 19: katikati kipande chekundu, halafu vijiti vya kitambaa vinakizunguka, upande mmoja rangi za mwanga, upande wa pili rangi za giza. Kila kiraka kina kitovu kimoja na vijiti 8, na hapa viraka ni 16. Kwa wenzetu huko Marekani mfarishi mdogo kwa kawaida hauzidi inchi 24 kila upande, na si kukata kipande cha mfarishi mkubwa ukaita mdogo. Kila kitu kinapungua kwa uwiano: kiraka, mshono, hata maua ya kitambaa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: sasa mfarishi usiofunika hata magoti wa nini? Wa kutundika ukutani, wa kitanda cha mwanasesere, wa kuweka juu ya stuli. Lakini mimi nashona kwa raha yake. Mfarishi wa kitanda unakusumbua kuukunja na kuupenyeza chini ya mkono wa cherehani, bega linauma, na pengine mwaka unaisha haujaisha. Huu unageuka kwa vidole viwili. Rangi ya machungwa na zambarau unazoziogopa, hapa unazijaribu bila kununua doti nzima. Ukichukia, umepoteza vitambaa ambavyo fundi jirani angevifagia.

Haya, kisu. Kisu hiki cha duara, kama kile cha kukatia piza, kilitolewa na Olfa ya Japani mwaka 1979, na kabla yake watu walikuwa wakichora kwa kadibodi na kukata kwa mkasi, kipande kimoja kimoja. Cha seti hii ni cha milimita 45. Kwa mapazia na mashuka sawa. Kwa vijiti vya inchi moja (vikishashonwa hubaki nusu inchi) nakiona kinene mkononi, hasa ukifika kwenye kona ya rula. Tafuteni cha milimita 28. Na wembe wake haukudumu, umeanza kuruka nyuzi mapema mno, unakata halafu unaacha uzi mmoja umeshika kama unadai. Mwenye watoto nyumbani, kila ukikiweka chini funga wembe. Kila ukikiweka, si ukimaliza kazi.

Rula nimeipenda. Mistari ni myembamba, na inaonesha mpaka moja ya nane ya inchi, ambayo ndiyo tunayoihitaji. Inateleza kidogo; nimebandika vipande vya msasa kwa chini, imetulia. Mkeka ni wa A3, unatosha. Ila usiweke pasi wala kikombe cha chai ya moto juu yake, na usiusahau kwenye gari juani, utajikunja na haurudi tena.

Sasa mguu wa robo inchi. Hapa ndipo nina ugomvi na seti hii. Nimeufunga, nikashona, nikapima kwa rula: umezidi moja ya kumi na sita ya inchi. Utasema ni unywele tu. Twende kwa hesabu. Kila mshono unakula vitambaa viwili, kwa hiyo kila mshono umeiba moja ya nane. Ukikatiza kiraka changu kutoka upande hadi upande unavuka mishono 4. Tayari nusu inchi imekwenda, na kiraka chenyewe kikikamilika ni inchi mbili na nusu! Kwenye kiraka cha inchi 12 nusu inchi utaivuta kwa pasi na mdomo utafunga. Hapa moja ya tano ya kiraka imetoweka.

Kwa hiyo nimeung'oa. Nimeweka rula chini ya sindano, nikapima robo, nikabandika tepu ya karatasi kwenye bamba, kile kibati cha chini ya sindano, iongoze ukingo wa kitambaa. Mambo yamenyooka, na tepu tayari ilikuwa kwenye droo. Wenye zile cherehani nyeusi za kushona mstari mnyoofu tu, msizidharau. Tundu la bamba lake ni dogo, kwa hiyo kitambaa kidogo hakimezwi na meno yanayokisogeza mwanzoni mwa mshono. Kule Marekani washonaji wa mifarishi bado wanazisaka Singer 221, vicherehani vidogo vilivyoanza kutoka mwaka 1933, na hilo tundu ni sababu mojawapo. Wekeni sindano namba 11 na mshono mfupi.

Kitambaa je? Kitenge chenye ndege mkubwa ukikikata inchi moja, ndege haonekani, inabaki rangi. Ni sawa, wakati mwingine rangi ndiyo unayoitaka. Lakini ukitaka ua lionekane zima ndani ya kijiti cha nusu inchi, nenda kwenye pindo la kanga. Mji wa kanga una maua makubwa. Pindo ndiko kwenye vidoti, vikorosho vidogo na mistari. Nina kanga zilizochanika katikati ambazo mapindo yake bado mazima, nazitunza kuliko mpya. Hakikisheni ni pamba: choma uzi mmoja, ukiyeyuka na kuganda kama plastiki, hiyo ni poliesta, itateleza na pasi itaikunja. Fueni kwanza rangi ya ziada itoke, hasa nyekundu, halafu tieni wanga wa muhogo mpigie pasi. Kitambaa kikikakamaa hakivutiki wakati wa kukata.

Katikati, kati ya tabaka la juu na la chini, msijaze sufi, mfarishi mdogo utavimba kama mto wa kulalia. Flana moja nyembamba inatosha.

Alama zangu, basi. Rula 9 kwa 10. Mkeka 7. Kisu 5, na nusu ya hizo ni za mpini. Mguu 2. Seti nzima sikushauri. Nunueni rula na mkeka peke yake, kisu cha milimita 28 chenye wembe wa akiba, na tepu. Mkiwa na cherehani iliyowahi kupimwa kwa mguu kama huu, niandikieni hapo chini ni ya aina gani na ilizidi kwa kiasi gani, nataka kuona kama tatizo ni la mguu wangu tu au boksi zima.