OLMS: kuchungulia hazina ya chama chako cha wafanyakazi Marekani

Makato ya chama hayakosi kutoka kwenye mshahara, uwe kwenye ghala, kiwanda cha nyama au nyumba ya wazee. Ukiuliza mkutanoni pesa zinakwenda wapi, unajibiwa "hesabu ziko sawa", kisha ajenda inayofuata. Kwa aliyeajiriwa na kampuni binafsi Marekani, OLMS, ofisi ya Wizara ya Kazi inayosimamia taarifa za fedha za vyama, inamwezesha kuziona hesabu hizo bila kumwomba mtu. Ni bure, haidai ufungue akaunti, na kiongozi wa tawi haarifiwi kwamba umeangalia. Usitarajie ikupe majibu yote. Kazi inayoifanya vizuri ni kukuonyesha pa kuuliza.

Ingia olms.dol.gov, nenda sehemu ya kutafuta vyama. Taarifa za kuanzia mwaka 2000 zimo. Hapo pa kutafuta ndipo panapokera: mfumo umejaa vifupisho, na ukiandika jina refu la chama unaweza kuletewa ukurasa mtupu. Chagua jimbo, weka namba ya tawi, mengine yaache wazi. Ukilipata tawi lako nakili namba yake ya faili, mwakani uanzie hapo. Kiswahili hakuna.

Fomu ambayo tawi hujaza hutegemea mapato yake ya mwaka. Tawi linaloingiza dola 250,000 au zaidi hujaza LM-2. La chini ya hapo huruhusiwa LM-3, inayotaja kila kiongozi na alicholipwa lakini haichambui malipo kwa wauzaji. Lililo chini ya dola 10,000 hujaza LM-4, ambayo ni jumla tupu. Kwa nyota tano: LM-2 nne, LM-3 tatu, LM-4 moja, nayo ya huruma.

Kwenye LM-2 anzia Jedwali la 11, la viongozi. Safu D ni mshahara kabla ya makato, na wengi huishia hapo. Songa mbele: E ni posho zinazolipwa kwa siku, wiki au mwezi, F ni fedha za shughuli za chama, G ni mengineyo, H ni jumla. Fungua fomu za miaka mitatu ubavuni kwa ubavu. Mshahara uliosimama palepale huku E na F zikipanda huenda ni nyongeza iliyopitia mlango wa nyuma. Chini ya kila jina kuna asilimia za muda: uwakilishi, siasa, utawala na kadhalika. Hayo ni makadirio yao wenyewe. Ukikuta viongozi wote wana asilimia zilezile mwaka hadi mwaka, ujue mtu amenakili tu.

Kisha piga hesabu ya ada. Kipengele cha 20 ni idadi ya wanachama, cha 21 ni viwango vya ada, cha 36 ni ada zilizoingia. Wanachama 800 kwa dola 40 kwa mwezi ni dola 384,000 kwa mwaka. Ikiwa cha 36 kinasoma 290,000, usikimbilie kupiga kelele za wizi: idadi ni ya siku ya mwisho ya mwaka, na Jedwali la 13 huenda likaonyesha wastaafu au wanaolipa nusu. Lakini kama mwajiri hukata ada moja kwa moja na wengi ni wanachama kamili, pengo la robo nzima halielezeki kirahisi. Huenda pesa hazikufika, au kuna wanachama hewa.

Kipengele cha 12 kinauliza kama vitabu vilikaguliwa na mhasibu wa nje au mkaguzi wa chama mama, cha 13 kama kuna upotevu uliogunduliwa. Maelezo huwa kipengele cha 69, mwisho kabisa. Mtanzania hapa atashangaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakidai chama hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa kila mwaka. Sheria ya Marekani ya 1959, inayodai fomu hizi (LMRDA), haidai ukaguzi wa nje. Inauliza tu kama ulifanyika.

Majedwali ya 14 hadi 19 huchambua anayepokea au anayelipa dola 5,000 na zaidi kwa mwaka. Kugawa malipo vipandevipande hakusaidii kuficha, kwa sababu hujumlishwa kwa kila jina. Malipo ya kadi ya benki lazima yaandikwe kwa jina la muuzaji. Ukiona jina la kampuni ya kadi, fomu imejazwa vibaya. Udhaifu wenyewe uko kwenye hoteli. Katika kashfa ya UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, villa za Palm Springs, sigara na gofu zililipiwa kupitia bili za hoteli kama gharama za mikutano. Marais wawili wa zamani, Gary Jones na Dennis Williams, walikiri makosa mwaka 2020 wakafungwa, wa kwanza miezi 28, wa pili miezi 21. Fomu hutaja hoteli, tarehe na kiasi. Kilichomo ndani ya bili hakionekani.

Taarifa hudaiwa ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani Machi 31 kwa tawi linalofuata mwaka wa kalenda. Wengine huchelewa, maana OLMS haina faini ya kila siku ya kuwatoza. Na chama chenye watumishi wa jimbo, kaunti au jiji peke yao hakimo kabisa kwenye sheria hiyo ya 1959.

Ukitaka bili yenyewe, kifungu cha 201(c) cha sheria hiyo kinampa mwanachama haki ya kukagua vitabu akiwa na sababu ya msingi. "Nataka kuona vitabu" ni barua ya kutupwa. Andika hivi: "Jedwali la 19, malipo kwa hoteli fulani, tarehe fulani, dola kadhaa, naomba ankara na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha." Mpelekee mweka hazina, nakala kwa mwenyekiti, kwa posta ya kusainiwa. Kumbukumbu hutunzwa miaka mitano, basi anza na mwaka wa zamani zaidi. Wakikataa, mahakama ya shirikisho au ya jimbo inaweza kuwaamuru, na gharama za wakili zikaangukia chama.