Tahadhari: muuzaji wa magari ya mtumba Mbeya anayekuonyesha gari likiwa limeshapashwa moto

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa mnaotafuta gari dogo la juu la mtumba, la mfano wa RAV4, Dualis, Escudo au X-Trail, nawaomba msome maelezo haya kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kuna muuzaji anayezunguka kati ya Mafiati, Mwanjelwa na Uyole, asiye na yadi wala ofisi, anayejitambulisha kuwa mdogo wake mwenye gari aliyehamishiwa kikazi Dodoma. Mtu huyo ametuuzia mimi na mke wangu gari bovu, lenye kadi ambayo hakuwa na haki nayo, kwa shilingi milioni 14 na nusu. Kwa kuwa shauri limeshafikishwa polisi, sitaji jina lake wala namba za gari. Aina ya gari nayo siitaji, maana kasoro zilizotuumiza zilifichwa na muuzaji, hazikutoka kiwandani. Nitakachoeleza ni namna anavyofanya kazi, kwa sababu jina hubadilishwa na laini ya simu hutupwa, lakini mbinu iliyomletea fedha hawezi kuiacha upesi.

Alitupangia kuonana saa saba mchana. Tulipofika tulilikuta gari limeegeshwa kivulini, limeoshwa hadi ndani ya boneti, na injini inaunguruma. Alisema ametoka nalo kuliosha. Tulilijaribu kutoka Mafiati hadi Sae na kurudi, barabara ambayo haina mlima wa kulichosha gari lolote, na kwa kweli lilikwenda vizuri mno: gia zilikuwa laini, usukani ulikuwa mwepesi, na kwenye dashibodi hapakuwa na taa hata moja iliyowaka. Nilipoomba tulipandishe barabara ya Chunya alijibu kwamba mafuta ni kidogo, na kwamba kuna mteja kutoka Tunduma anayekuja saa tisa akiwa na fedha mkononi. Tukaogopa kulikosa. Tulilipa siku ile ile, na hilo ndilo kosa ninalotaka mwingine asilirudie.

Wiki ya tatu tulikuwa tunakwenda msibani Tukuyu, watu wanne na mizigo michache. Baada ya kupita Igawilo na kuanza kupanda kuelekea Isyonje, injini ikawa inapiga kelele nyingi huku gari likizidi kupungua mwendo, kisha likaanza kutikisika, taa ya injini ikawaka, na mwishowe likawa halivuti kabisa hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho. Tulikaa pembeni mwa barabara ile karibu saa moja. Lilipopoa lilikubali kutembea kana kwamba halijawahi kuugua, likapanda kidogo, likazimika nguvu tena. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefungwa kamba nyuma ya Fuso.

Fundi aliyelifungua alitueleza jambo ambalo kila mnunuzi wa magari haya anapaswa kulifahamu. Mengi kati ya magari madogo ya juu ya miaka ya karibuni hutumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia moja, mbili, tatu kama zile tulizozizoea, bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana kwa shinikizo la mafuta. Mafuta hayo yana aina yake maalumu. Mtu akiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, au akikaa nayo miaka bila kuyabadilisha, mkanda huanza kuteleza, na kuteleza kunaleta joto, na joto linazidi kuyaharibu mafuta. Kompyuta ya gari ikiona joto limepita kiasi hupunguza nguvu ili kuokoa kilichobaki. Barabarani tambarare, kwa dakika kumi, ugonjwa huo unaweza usionekane kabisa, hasa kama muuzaji ameweka mafuta mapya na kufuta kumbukumbu za hitilafu jana yake. Mlimani hauwezi kufichika. Giaboksi ya mtumba pamoja na ufundi tuliambiwa ni milioni 3 na laki 2.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: katika nyanda hizi usinunue gari ambalo hujalipandisha mlima. Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya Chunya hupanda hadi kupita mita 2,400. Hicho ni kipimo ambacho Mungu ametuwekea mlangoni na hakina malipo. Wa Uyole wana mlima wa Isyonje. Wa Iringa wanaweza kuanzia Ipogolo kupanda mjini, na mwenye nafasi akafika Kitonga, akarudi akipanda. Nenda na watu wawili au watatu ndani, panda kwa angalau dakika ishirini mfululizo, kisha simama mlimani na uondoke tena. Sikiliza kama mlio wa injini unapanda bila mwendo kuongezeka, kama kuna mtikisiko gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, na kama kuna mluzi unaoongezeka kadiri unavyokwenda. Ukishuka, acha injini ikiwaka, kanyaga breki, peleka gia kwenye D kisha R. Gari likichelewa kushika, au likishika kwa kishindo, usilichukue. Mafuta ya kulifikisha mlimani weka wewe. Elfu thelathini yako ni kidogo mno ukilinganisha na kilichotupata.

La pili ni saa ya kuliona. Gari lione asubuhi na mapema, mahali linapolala, kabla halijawashwa, na uguse injini kwa mkono wako kuhakikisha ni ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Uyole inatosha kuumbua injini yoyote iliyochoka: itasumbua kuwaka, itagonga sekunde za mwanzo kabla oili haijapanda, au itatoa moshi wa bluu kuonyesha kuwa inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata joto ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Fungua mfuniko wa oili, na ukikuta ute mzito unaofanana na maziwa yaliyochanganywa na kahawa, usiendelee na mazungumzo ya bei. Angalia pia maji ya rejeta, injini ikiwa bado ya baridi. Yakiwa ni maji ya bomba yenye rangi ya kutu badala ya maji maalumu ya kupozea injini (coolant), ujue mwenye gari hakulitunza. Tena, washa hita. Huku kwetu hita ni kipimo kizuri sana ambacho watu wengi hawakitumii: injini ikitembea nusu saa na hita bado inapuliza hewa ya uvuguvugu, huenda themostati imetolewa ili kuficha tatizo la kuchemsha, na gari la namna hiyo litakula mafuta kila siku kwa sababu injini haifikii joto lake.

Kuhusu taa za dashibodi, sisi tulifurahi kuona hakuna iliyowaka, na hatukujua kwamba furaha ile ilikuwa imetengenezwa. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa za injini, ABS (ya breki) na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka zote kwanza, kisha zizimike zenyewe, ile ya injini baada ya injini kuwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa katika hatua hiyo huenda imeng'olewa au imezibwa. Mpeleke fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, naye asiishie kusema hakuna hitilafu. Aangalie kama vipimo ambavyo kompyuta hiyo hujifanyia yenyewe vimekamilika, na kama mashine inaonyesha, gari limetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu zifutwe. Gari lililofutwa jana halina ushahidi wowote wa kukupa leo.

Kilomita nazo zilikuwa za uongo. Dashibodi yetu ilisoma 84,000, lakini fundi alipofungua mlango wa dereva alikuta kwenye fremu kibandiko kidogo cha Kijapani cha kubadilishia oili ambacho hakuna aliyejisumbua kukibandua, na tarakimu zake hazihitaji mkalimani: 131,400. Vibandiko vya aina hiyo huwekwa mlangoni au ndani ya boneti, vitafuteni. Tazameni pia raba ya pedeli ya breki, usukani, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, kwa kuwa vitu hivyo vitatu havijui kudanganya. Mwenye gari lililoingia nchini miaka ya karibuni anaweza kuwa bado na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachoonyesha kilomita za wakati ule, au karatasi ya mnada wa Japan, ambayo alama yake ya R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa.

Na msidanganyike na namba. Watu wetu husema "hili ni namba E" kana kwamba ni gari jipya, wakati herufi za namba zinaeleza tu lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

Sasa kadi yenyewe, ambako ndiko tulikopata pigo kubwa zaidi. Muuzaji alituonyesha nakala, akasema kadi halisi iko Dodoma kwa kaka yake na itatumwa kwa basi ndani ya siku tatu. Ukweli ni kwamba kadi halisi ilikuwa kwa mkopeshaji mmoja hapa hapa mjini, imewekwa rehani kwa mkopo wa milioni 6 ambao haujarejeshwa. Kukopa kwa kuweka kadi ya gari ni jambo la kawaida sana siku hizi: mkopaji hubaki na gari, mkopeshaji hubaki na kadi, na mnunuzi asiye na habari hulipa fedha kwa kitu ambacho kina madai ya mtu mwingine. Wapo pia wanaochukua hati ya upotevu polisi na kuomba kadi mpya ilhali ya zamani iko kwa mkopeshaji, kwa hiyo hata kadi halisi mkononi haitoshi. Nendeni pamoja na muuzaji ofisi ya TRA kabla ya malipo, mhakikishe jina la mmiliki, namba ya chesesi na namba ya injini, na kama kuna zuio lolote. Namba ya chesesi isomeni kwenye gari lenyewe, palipogongwa kwenye chuma, na siyo kwenye kibandiko tu. Madeni ya faini za barabarani huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari, jambo la dakika moja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimruhusu mtu asiye mmiliki, wala asiye na idhini ya mmiliki, kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo kusema "mimi nilinunua kwa nia njema" hakutakuokoa mara nyingi.

Kwa kuwa tuko kwenye njia ya Tunduma na Kasumulu, niongeze habari ya magari ya IT. Magari yanayopita kwenda Zambia, Malawi na Kongo hayajalipiwa ushuru wa kutumika hapa, na wapo wanaoyanong'oneza kwa bei ya kutupa, eti namba zitapatikana baadaye. Ukilinunua, TRA ina haki ya kulikamata.

Malipo yafanyike benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi, baada ya mkataba wa mauziano kusainiwa mbele ya wakili, mwenzi wa muuzaji akiwepo kama ana ndoa. Sisi tulituma milioni 2 za arabuni kwa simu na kilichobaki tukahesabu mkononi, tukapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo halikufanana na lile alilotuambia. Tuliliona, tukanyamaza kwa kuona haya kumuuliza.

Ikiwa nawe umeuziwa kwa namna hii, au umeshatoa arabuni kwa mtu anayetaja kaka wa Dodoma na mteja wa Tunduma, usifute ujumbe wa malipo wala picha alizokutumia, na usikubali kukutana naye peke yako kwa ahadi ya kurudishiwa fedha. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, fungua jalada na uchukue namba ya RB. Gari letu limezuiliwa kituoni kama kielelezo, na tumeelezwa kwamba malalamiko ya watu zaidi ya mmoja yatasaidia shauri hili kusonga mbele.