Elfu kumi na tano, na modemu inajipigia yenyewe

Nimemlipa fundi wa kompyuta elfu kumi na tano kwa kazi ya saa moja na nusu, kuifanya modemu yangu iunganishe intaneti yenyewe, na ningelipa tena. Nalisema mapema kwa sababu huko chini nina malalamiko, nisije nikamharibia kijana wa watu riziki yake.

Mimi mwalimu mstaafu, nakaa Wawi, kisiwani Pemba. Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 7, imechoka kama mwenyewe, lakini nachapia mitihani ya skuli mbili na risala za harusi. Intaneti naipata kwa kimodemu cheupe cha USB chenye laini ya simu ndani. Kila siku ilikuwa washa, ngoja programu ya modemu ifunguke, bonyeza kuunganisha, ikikataa bonyeza tena. Umeme ukikatika mara tatu, na mimi nabonyeza mara tatu. Hotspoti ya simu? Simu anayo mke wangu, na wanawe walioko Unguja wanampigia video kutwa.

Fundi ana kijiduka Chake Chake, nyuma ya soko. Alikuja na bodaboda, kabeba mkoba wa bisibisi ambao hakuufungua. Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta, akakataa. "Mwalimu, kaa wewe, ushike mausi. Nikishika mimi, kesho utanipigia simu." Basi nikakaa, naye akasimama nyuma yangu kama mkaguzi.

Tulitengeneza muunganisho mpya ndani ya Windows yenyewe, ili ile programu ya modemu isihitajike tena, nikaupa jina PEMBA. Namba ya kupiga ni *99#. Nikamwuliza hiyo namba ya nani, akacheka: si ya mtu, ni modemu inaambiwa ifungue njia ya data. Mimi nilizijua modemu za laini ya mezani, zile za 56K, zikipiga zinalia kama paka wawili juu ya bati, na mtu akinyanyua simu chumbani mmekatika. Hii haina hata mlio.

Jina na nywila tuliviacha vitupu. Kisha kwenye mipangilio ya modemu akanisomea, nami nikaandika herufi moja moja: AT+CGDCONT=1,"IP","internet". Hiyo ni amri ya kuionesha modemu mlango wa intaneti wa kampuni ya simu. Neno la mwisho hutegemea kampuni ya laini yako; likikosewa, modemu inapiga lakini hufiki popote. Niliruka mkato mmoja, tukaanza upya. Halafu tukaondoa tiki kwenye kuulizwa jina na nywila, tukaiondoa kwenye kuulizwa namba, tukaiweka kwenye kupiga tena laini ikikatika. Hiyo tiki ya mwisho peke yake mimi naihesabu elfu kumi.

Mwisho akanionesha kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler), kinachoifanya kompyuta itende jambo wenyewe kwa wakati uliopangwa. Tuliandika rasdial PEMBA, yaani upige ule muunganisho wa PEMBA, ifanyike kila nikiingia kwenye kompyuta, lakini icheleweshwe dakika moja kwa sababu modemu huchelewa kuamka. Tukazima, tukawasha, mikono mapajani. Kimodemu nimekifunga kwenye nondo za dirisha kwa uzi wa kushonea magunia, maana ndani mtandao haushiki. Kitaa kikapepesa kijani, kikapepesa tena, kikageuka buluu, kikatulia. Mke wangu jikoni akauliza mbona kimya.

Sasa malalamiko. Asubuhi ya pili nikapata kosa namba 633, yaani modemu ishashikwa na programu nyengine. Fundi alisahau kuiondoa ile programu ya zamani kwenye orodha ya vinavyojiwasha, kwa hivyo mbili zikagombania modemu moja. Nikampigia, akasema anakuja baadaye. Baadaye yake ilikuwa siku mbili. Alipofika alimaliza kabla chai haijapoa, na hakutaka hata nauli.

La bando ndilo lililoniuma. Hakuniambia kwamba modemu inayojipigia yenyewe hailali. Nilinunua bando la wiki Jumamosi. Jumatatu alfajiri limekwisha. Kompyuta ilikuwa wazi usiku kucha, programu ya kuzuia virusi inajisasisha, na mjukuu kaacha ukurasa wa video unaendelea wenyewe. Nilikasirika, kisha nikakumbuka nilivyooneshwa, nikarudi kwenye kile kipanga kazi, nikaongeza kazi nyengine: kila siku ikifika saa nne usiku, rasdial PEMBA /disconnect, yaani ukate. Usiku ule nilikaa naitazama saa ya ukutani. Ilipofika nne, kitaa kikarudi kupepesa. Nimeitengeneza mwenyewe, sikumpigia mtu.

Ukienda kwake nenda asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa kutoa kopi. Mwambie aiondoe programu ya zamani mbele ya macho yako, na mwulize habari ya bando kabla hajapanda bodaboda.